Rimoti Moja, Ndege Mbili

Kwenye duka moja mtaani Muhima nilikuta mashemeji wawili, kila mmoja amekumbatia ndege yake ndogo ya kuchezea. Walitaka rimoti moja ya kushirikiana. Muuzaji hakubisha. Aliziwasha ndege zote juu ya kaunta, akasukuma kijiti cha rimoti. Mikia yote miwili ikageuka kushoto kwa pamoja.

"Sasa nani anarusha?" akauliza.

"Sisi hata pombe tunakunywa kwenye chungu kimoja," akasema yule mkubwa.

"Ndiyo, mzee. Lakini kila mtu iko na mrija wake."

Wakatazamana, wakachagua rimoti mbili za masafa tofauti.

Jioni, kwa mara ya kwanza, nilimuuliza mke wangu angependa tusikilize stesheni gani redioni. Akanigusa paji la uso, kuona kama nina homa.