Nusu Sauti Chini

Nilikwenda Shinyanga mjini kununua kitambaa cha sare za kwaya. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi niliyezoea kununua kwake. Siku hiyo alikuwa anapima mita huku redio iliyo juu ya kaunta ikicheza diski ya fidla.

"Shikamoo mzee. Hawa wanaopiga ni wangapi?"

"Marahaba, mwalimu. Imeandikwa sonata ya watatu."

Nikasikiliza tena. "Mbona ni wanne? Fidla mbili, fidla kubwa ya chini, na kinanda."

Aliweka mkasi chini, akafungua kijitabu cha ile diski na kusoma. Kweli, wapigaji walikuwa wanne. Sauti ndizo zilikuwa tatu, kwa kuwa kinanda kilishika besi pamoja na fidla kubwa. "Nina diski hii miaka mingi," alisema, "sijawahi kuwahesabu." Akaninakilia muziki wote kwenye flashi, nami nikaupiga picha ukurasa wa kijitabu.

Nafundisha shule ya msingi Kharumwa na naongoza kwaya ya kanisa. Nina sikio zuri, hilo nalisema bila aibu. Wiki ile niliamua kwamba sehemu ya tatu ya sonata, ile ya polepole, kwaya yangu itaiimba bila maneno. Soprano watakuwa fidla ya kwanza, alto ya pili, wanaume wote watashika besi. Nikaiandika kwa do-re-mi, simu sikioni, kila jioni baada ya kusahihisha madaftari. Ulikuwa muziki wa huzuni iliyotulia. Fidla moja ilishikilia sauti ndefu, ya pili ikaingia karibu yake mno mpaka ikauma kusikiliza, kisha ya kwanza ikashuka hatua moja na maumivu yakaisha. Halafu wakaanza tena.

Mpiga kinanda wetu ni fundi simu, mtu mzima mwenye watoto wanne, na hapendi kubahatisha. Alisoma picha ya kijitabu, akajaribu kwenye kinanda, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, hapa wameandika ufunguo wa G maina. Hawa wanapiga F shapu maina, nusu sauti chini. Diski ya mzee imechoka, inakwenda taratibu."

Akaiharakisha kwenye kompyuta mpaka ikafika G. Tukaimba hivyo mazoezini. Soprano walipofika juu, sauti zilipasuka, na ile huzuni ikageuka kama watu wanaowahi gulio. Mmoja wa besi, mchimbaji anayeshinda ndani ya maduara ya dhahabu, aliinua mkono.

"Mwalimu, ule wa kwanza nilikuwa napata pumzi. Huu unanikimbiza."

"Umesikia?" nikamwambia fundi. "Diski ikichoka, sauti huyumba. Hizi hazikuyumba hata kidogo. Walikusudia iwe pale."

"Ushahidi uko wapi?"

"Sina. Lakini sijakosea."

Nilimpigia mwalimu wangu wa muziki wa chuoni, nikaweka spika ili wote wasikie. Alicheka. Akaeleza kwamba wengi wanaopiga muziki wa zamani namna ile hulegeza nyuzi kwa makusudi, karibu nusu sauti chini ya vinanda vyetu, kwa kuwa wanaamini ndivyo zilivyopigwa wakati huo. Fundi alivua kofia, akajikuna kichwa.

"Basi, mwalimu. Tubaki F shapu maina, do yake ni A." Akabonyeza kitufe cha kushusha kinanda, tukarudia mwendo wa mwanzo.

Tuliupeleka wimbo ule kwenye tamasha la kwaya Runzewe. Tuliimba vizuri, na hilo sikuhitaji kuambiwa na mtu. Lakini juu ya karatasi niliyowakabidhi waamuzi nilikuwa nimenakili kichwa cha kijitabu jinsi kilivyo: G maina. Mwamuzi mkuu akasimama na maikrofoni.

"Kwaya ya Kharumwa, mmeshuka nusu sauti nzima."

Kabla sijainuka, fundi alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, hatujashuka. Tulianzia pale na tumemalizia pale. Naomba utupime."

Ukumbi ukacheka. Mwamuzi alitoa uma wake wa sauti, ule unaotoa A, akaugonga mezani na kuuweka karibu na maikrofoni. Niliinua mkono. Kwaya yangu ikaimba do, na ile do ikaingia ndani ya mlio wa uma bila kubaki ufa. Watu wakapiga makofi.

"Nimesikia," mwamuzi alisema, naye akitabasamu. "Ila karatasi inasema vingine, na mimi nahukumu kwa karatasi."

Alikuwa na haki. Kosa la kichwa lilikuwa langu, nikalikubali mbele ya wote. Tukawa wa tatu. Njiani kurudi fundi alinuna kuliko mimi. Nilimwambia kwamba ningeimba vilevile hata leo.

Jumapili iliyofuata tuliuimba kanisani baada ya sadaka. Bibi mmoja alinishika mkono mlangoni.

"Wabeja sana, asante mwalimu. Mmesahau maneno?"

"Hapana, bibi. Haukuwa na maneno."

"Mrudie wiki ijayo, nisikie vizuri."

Tukarudia. Sasa tunajifunza sehemu ya nne, ile ya haraka, na safari hii wanaolalamika ni alto.