Uso wa Bibi Harusi

Siku ya harusi yangu, pale Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, nilinuna vizuri kuliko bibi harusi yeyote wa ukoo wetu, na nasema hivyo bila aibu kwa sababu nilikuwa nimejiandaa. Kwetu bibi harusi hacheki. Anainamisha macho, anakunja uso, anatembea kama miguu haitaki kwenda, ili wazazi wake waone kwamba kuondoka kwao kunamuuma, na wakwe wasije wakadhani wamemtoa kwenye njaa. Shangazi yangu, dada ya baba, ambaye ndiye aliyenifunda, alikaa nyuma yangu kanisani akinifinya mgongo kila alipoona shavu langu linalegea.

"Usicheke hata kidogo," alininong'oneza. "Ukicheka, batasema ulichoka kwetu."

Sikucheka. Mara moja tu, tulipokuwa tunatoka nje, bwana harusi alikanyaga shela langu akapepesuka, na meno yangu yakaonekana yote. Mpiga picha akawahi kunipiga. Shangazi alimfuata jioni ile akamsimamia mpaka akaifuta ile picha.

Miezi michache baadaye mume wangu, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, alipata kazi ng'ambo, kwenye kiwanda cha matrela. Nchi yenyewe sitaitaja. Kwetu watu waliiita Bulaya na ikatosha. Kibali chake cha kazi kilikuwa cha muda mfupi na hakikumruhusu kwenda na mke, nikabaki kwa baba na mama, mke wa mtu asiyeonekana. Wapo wanaoyaweza maisha ya simu. Mimi siyawezi. Anakuuliza umekula, unajibu umekula, mtandao unakata, na kesho ni yale yale. Nilimtaka yeye, sauti yake haikunitosha.

Kibali kilipokaribia kwisha, mwajiri wake aliomba kiongezwe, na safari hii sheria iliwaruhusu kuomba na kibali cha mke. Mume wangu hakunificha kitu.

"Kama baniongezea mi na wewe bakukatala, ninarudia nyumbani," aliniambia kwa simu. "Siwezi kukala huku tena peke yangu."

Nilifurahi kusikia hivyo, kisha nikaingiwa na hofu, maana wadogo zake walisoma kwa kazi ile, na Baraka ilikuwa imejaa mafundi wa vyuma wasio na chuma cha kuchomelea.

Watu wa uhamiaji wa huko walitaka picha za harusi. Mimi na shangazi tulizitandaza mkekani tukachagua zile nzuri kabisa, yaani zile nilizonuna barabara. Katika moja nilionekana nimelegea midomo kidogo, shangazi akaiweka kando.

"Hii itatuletea haya kwa bazungu," alisema.

Tukatuma fungu zima la huzuni, tena kwa fahari.

Kibali cha mume wangu kikaongezwa. Kuhusu mimi walijibu kwa barua. Mume wangu aliisoma kwa simu, akitafsiri polepole, nami nilikuwa nimefungulia sauti ili shangazi asikie. Afisa aliyepitia picha ameona mwanamke mwenye huzuni katika kila moja. Ana shaka kama aliolewa kwa hiari yake. Aje ahojiwe, peke yake.

Shangazi aliinamia simu kana kwamba afisa yumo ndani.

"Banataka bibi arusi acheke sawa mulevi?" aliuliza.

Mimi nilikasirika. Sikumkasirikia afisa, kwani yeye angejuaje? Nilikasirika kwa sababu nilifanya kila nilichofundishwa, tena nikakifanya vizuri mno, na sasa uzuri huo huo ndio ulionitenga na mume wangu.

Habari ilienea katika kwaya yetu nzima ya kanisani kabla ya Jumapili. Baada ya ibada akina mama walinizunguka uani mwa kanisa, wakanicheka hadi machozi yakawatoka. Lakini juma lile lile wakaanza kuja nyumbani na picha zao za harusi zimefungwa ndani ya vikwembe, vile vitenge vyetu. Mmoja aliagiza ya dada yake kutoka Ubwari, ikaletwa kwa mtumbwi wa injini. Mwingine alikuja kwa pikipiki kutoka Lweba na ya kwake ya rangi nyeusi na nyeupe. Rafiki yangu mmoja, ambaye kwao ni wafugaji wa milimani, alileta ya mama yake, shela limemfunika, machozi yanaonekana hata hivyo. Hakuna aliyecheka katika picha hata moja. Wengine walinuna hadi nikajiona mwanafunzi.

"Beba yote," mama aliniambia. "Baone ni sisi bote."

Nilivuka ziwa hadi Kigoma, nikapanda basi hadi Dar es Salaam, ambako ndiko nilikoitwa, kwenye ubalozi wa nchi ile. Ndani ya basi sikuliacha fungu lile hata nilipokwenda msalani.

Afisa alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani, na kando yake alikaa mkalimani wa Kitanzania. Alizipanga picha zangu mezani.

"Anauliza kwa nini hapa unaonekana kama mtu aliye msibani," mkalimani alisema.

Nikaeleza desturi yetu tangu mwanzo, kisha nikafungua fungu na kummwagia akina mama wote wa Baraka mbele yake. Alizitazama moja moja, bila haraka, kisha akasema maneno ambayo mkalimani aliyatafsiri kwa sauti ya chini.

"Anasema amekuelewa kuhusu desturi. Lakini huenda hata hawa walilazimishwa. Atajuaje kuhusu wewe?"

Hapo nikasahau adabu yote niliyofundwa.

"Mama, baba yangu alimukatala huyu bwana mara mbili," nilisema. "Alisema fundi wa vyuma hana shamba, hana mutumbwi, atanilisha nini. Ni mi nilimupenda. Nikakatala kupika mpaka baba akubali, na kwetu ni mi tu nilikuwa napika, mama alikuwa mugonjwa. Baba akajipikia bugali. Alikula ule bugali siku tatu, akaita bakwe. Ku ile ndoa muntu moja alilazimishwa, ni baba yangu. Kama unataka, umuite yeye."

Mkalimani alianza kutafsiri, akafika kwenye ugali, akashindwa kwa kicheko. Akajifuta macho, akaanza upya. Afisa alimsikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani na kuinamia meza, mabega yakimcheza. Alipopata tena sauti aliuliza swali moja tu, kama bado namtaka mume wangu.

"Namutaka leo kupita siku ile," nikajibu, na ilikuwa kweli tupu.

Jibu lilinikuta nimerudi Baraka. Nimekubaliwa, tena kwa ruhusa ya kufanya kazi. Shangazi alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna mtoto amezaliwa. Baba, ambaye nilikuwa nimekwisha kumsimulia yote, alitikisa kichwa.

"Ulisema ukweli," alisema. "Mulinilazimisha."

Siku ya safari akanibebea sanduku mwenyewe hadi ufukweni.

Huko nilikofika, kwenye uwanja wa ndege, mlango ulijifungua wenyewe, na nikamwona mume wangu amesimama nyuma ya kamba, amenenepa, ndani ya koti linalomfika magotini. Kwetu mke hamkimbilii mume mbele za watu. Nililiacha sanduku katikati ya njia, watu wakilikwepa, nikakimbia.