Mtoto Akilia, Mpe Besi

Uvumilivu uliniishia pale mlango wa kanisa ulipofungwa nyuma yangu, mwanangu mkononi, na ndani sauti ya pili ndiyo inaanza. Noeli ilikuwa imekaribia na tulikuwa kwenye mazoezi ya Misa ya Kilatini ya sauti nne. Mtoto alilia kidogo. Nikampitisha nyuma, kama tulivyozoea, kwa baba mmoja wa besi, mkamuaji wa mawese kutoka Kizuka. Mwalimu mpya wa kwaya, aliyesomea muziki Bujumbura, akagonga kifimbo.

"Mama, hapa haiko nyumba ya kulelea batoto. Toka naye. Kuanzia leo, mwenye kunyonyesha abaki kwake mpaka Noeli ipite."

"Mwalimu, atalala sasa hivi," baba wa besi akasema. "Mimi nalaza hata wa kwako, ulete tu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuja mwenyewe kunifungulia mlango, kisha akaufunga.

Basi nikasimama barazani nikaimba sauti ya pili yote, kwa nguvu, hadi Amina. Wenzangu wa ndani wakafuata sauti yangu kupitia madirisha. Kifimbo kikabaki kinapunga hewa.

Rafiki yangu, ngoja nikuambie nilikotoka, ndipo uelewe hasira hii.

Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, upande wa Kigoma. Kanisa letu lilikuwa miti na turubai. Mvua ikipiga, unaimba kwa imani tu, maana hata jirani yako humsikii. Kwaya iliongozwa na katekista mzee aliyefundishwa muziki na mapadre tangu utoto wake. Aliandika do, re, mi kwa mkaa kwenye kipande cha ubao, na wakulima wasio na shamba wakaimba Kilatini bila kinanda, kila sauti mahali pake. Kabla ya kuanza aliuliza, "Tunamwimbia nani?" Mkijibu kivivu, mnapiga magoti msali kwanza. Noti safi isiyo na sala aliiita chungu kizuri kisicho na chakula.

Mama yangu aliimba sauti ya pili, na mimi mgongoni kwake. Sauti hiyo sikufundishwa na mtu. Iliniingia shavu likiwa limelala juu ya kitenge, mbavu za mama zikitetemeka chini yake. Mpaka leo nikiitafuta noti, naisikia kwanza shavuni.

Mtoto akilia, katekista alikuwa na neno moja: "Mpe besi." Mtoto anapitishwa mkono kwa mkono hadi safu ya nyuma, analazwa kwenye kifua cha mwanamume mwenye sauti nene. Kabla wimbo haujafika katikati, amelala. Mabesi walijivunia kazi hiyo kuliko kuimba. Walitaniana: "Wewe juzi ulimzidishia kilio, sauti yako ni ya mbuzi!" Na katekista akaongeza kwamba besi asiyeweza kulaza mtoto hajakomaa, arudi kwa tenori.

Tuliporudi Burundi nikiwa msichana mdogo, bibi alitupokea hapa Rumonge. Jumamosi asubuhi nilianika naye ndagala, dagaa wetu, karibu na ziwa, nikifukuza kuku, chumvi ya jasho mdomoni. Mchana ni muhogo na maharage yaliyong'aa kwa mawese. Jioni mazoezi. Katekista naye alikuwa amerudi, na desturi yake amekuja nayo. Niliingia kanisani mikono inanuka samaki, hakuna aliyekunja pua. Watoto wa mgongoni wa siku zile ndio tenori na besi wa leo. Nusu ya kwaya ya sasa ililazwa usingizi na wimbo wa Gloria kabla haijajua kutembea.

Katekista tulimzika. Bibi pia. Kambi, wanasema, sasa ni mahindi matupu. Ukienda huoni hata kigingi cha kanisa. Hakuna aliyeandika jinsi tulivyokuwa tukijifunza. Imebaki ndani ya miili yetu tu, na wanangu wasipoipata kwangu, hawataipata popote.

Mazoezi yalipokwisha, jirani yangu wa sauti ya kwanza alikuja kunituliza. "Dada, nyamaza. Noeli itapita."

"Itapita, ndiyo. Na huyu atakuwa amejifunza kwamba nyumba ya Mungu inamfukuza akilia. Nimfundishe hilo mimi?"

Akamchukua mtoto, akaniambia, "Haya, nenda uwaambie wazee wa parokia vizuri. Usipige kelele sana."

Sikupiga kelele. Jumapili baada ya misa nilisimama mbele ya baraza la parokia, nikasema nimeleta malalamiko rasmi. Katibu akaniomba niende polepole aandike. Nikaenda polepole:

"Mimi, mwimbaji wa sauti ya pili, namlalamikia mwalimu wa kwaya. Amewatoa akina mama wanaonyonyesha katika Misa ya kumwimbia mtoto mchanga. Muziki anaujua, hilo silikatai. Tangu aje, tenori wameacha kupanda ovyo. Naomba amri yake ifutwe kabla ya mazoezi yanayofuata. Naomba yeye mwenyewe afundishwe kushika mtoto. Na akikataa, atafutiwe kwaya ya watu waliozaliwa wakubwa."