Ng'ombe wa Mtaalamu

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nianze kufundisha biashara katika tawi la chuo hapa Masasi, tulipoletewa mtaalamu. Alitoka Dar es Salaam amevaa viatu vyenye ncha kali, akatuambia sisi walimu kwamba wanafunzi hawatuelewi kwa sababu tunaongea mno. Dawa ni picha. Dhana yoyote, hata iwe ngumu vipi, ipe picha itaingia kichwani yenyewe. Mkuu wa idara akawa anaitikia kwa kichwa kama yuko kwenye dua.

Kesho yake mtaalamu alifundisha darasa langu, nami nikakaa nyuma. Alipowasha projekta, ukutani akatokea ng'ombe mnene wa madoadoa, kiwele kimejaa, kasimama kwenye majani mabichi ambayo huku hatuyaoni hata masika.

"Huyu ni ng'ombe wa maziwa," akasema. "Ndiyo bidhaa yako inayouzika bila wewe kuhangaika. Unakamua tu."

Darasa zima likaandika: unakamua tu.

Binti mmoja wa Newala, ambaye mama yake ana duka la saruji na vitenge, akanyoosha mkono. "Samahani, Dokta. Ukikamua tu bila kumlisha, si atakufa?"

"Usitoke nje ya picha."

"Na maziwa yenyewe yanakwenda wapi?"

"Nimesema angalia picha!"

Akaangalia. Sote tukaangalia. Ng'ombe naye alituangalia, na kwa maoni yangu, kati ya wawili waliokuwa mbele ya darasa, yeye ndiye aliyekuwa na busara.

Kipindi kilipokwisha binti alinifuata barazani, uso umekunjamana. Nikamuuliza dukani kwao nini kinatoka kila siku.

"Saruji, Mwalimu."

"Na faida yake mama anaipeleka wapi?"

"Anaongezea vitenge. Bado havijachangamka."

"Basi ndiyo hiyo. Saruji inalea vitenge, lakini isisahauliwe yenyewe."

Alinikazia macho. "Ndicho hicho tu? Asubuhi nzima?"

Ulipofika mtihani, nilisahihisha zizi. Niliwataka waeleze dhana ile, wakanichorea ng'ombe: wenye pembe, wasio na pembe, mmoja ana chuchu sita. Kijana mmoja alimshauri mfanyabiashara wa korosho wa Lisekese, niliyemweka kwenye swali, anunue ng'ombe wa kisasa. Niliwapa sifuri. Mkuu wa idara akazichukua karatasi, akachagua michoro mizuri zaidi na kuibandika kwenye ubao wa matangazo.

"Unawakatisha tamaa," akaniambia. "Huoni ubunifu huu?"

"Naona ng'ombe, mkuu."

Nilirudi darasani na chaki, nikaanza upya kwa maneno ya kawaida, duka kwa duka, mpaka wakaelewa. Waliporudia mtihani, wengi walifaulu, na hakuna aliyechora kitu.

Mtaalamu naye aliniandikia akiomba picha za ile michoro kwa ajili ya ripoti yake ya mafanikio. Sikumjibu. Nasikia mkuu alimtumia zote.