Aliyepisha Penye Kibao

Jumamosi nilikuwa pembeni ya uwanja hapa Kindu, nikimshangilia binti yangu anayecheza besiboli. Zamu ya mwisho, tukiwa sare, yeye akiwa na gongo mkononi, mwenzake akachomoka mbio kutoka kituo cha tatu kuja kibao cha nyumbani. Mdakaji wa wageni akadaka mpira, akanyoosha mkono amguse mkimbiaji kabla hajafika. Mkimbiaji akateleza chini ya mkono huo, akafika.

Kocha wa wageni, waliotoka Kailo, akapiga kelele, "Arbitre! Mwenye gongo amemuzuia mudakaji!"

"Uongo!" nikapayuka.

Mwamuzi ni mama aliyesukuma baiskeli za mchele kutoka Kibombo miaka ya vita, treni zilipokufa. Alichuchumaa, akapima nyayo za binti yangu kwa kiganja. Zote zilikuwa zimerudi nyuma, mbali na kibao.

"Mwenye muzigo njo mwenye njia," akasema, kama wasukumaji walivyoambiana zamani, yaani aliye na mzigo ndiye wa kupishwa. "Mudakaji alikuwa na mupira, njo muzigo yake. Huyu mutoto aliona, akapisha. Pointi iko!"

Tumeshinda! Niliruka kama mwanambuzi. "Njo mutoto yangu! Mimi njo nilimulea!"

Mama akageuka, akanitazama kuanzia viatu.

"Papa, kupisha hakujifunza kwako. Kule njia ya Kibombo, siku tulikutana, ulikuwa mikono mitupu, na njo miye niliingia mu matope na muchele yangu."

Alipotoka uwanjani akisukuma baiskeli yake, nilimpisha mpaka nikaingia mtaroni.