Mmoja Anasoma, Mwingine Anasikiliza

Kazi yangu ikienda vizuri, hakuna anayejua kwamba nimeifanya. Daktari akishona jeraha kuna kovu la kuonyesha. Mimi ninaweza kushinda kutwa nikihangaika na seva ya hospitali, wagonjwa wakaandikishwa, majibu ya maabara yakafika, dawa zikatoka dirishani, halafu jioni mlinzi akaniuliza kama leo nilikuja kazini. Watu hunikumbuka mtandao ukikata. Hapo wanasukuma mlango bila kubisha na kuingiza kichwa tu. "Vipi, huko kwenu kuna shida?" Huko kwetu, kana kwamba tuko wengi.

Zamani tulikuwa wawili. Chumba ni kilekile, kilichokuwa stoo ya mashuka, hakina dirisha ila tundu la hewa lenye wavu, na hadi leo kina harufu ya sabuni ya kufulia. Mwenzangu alikuwa muuguzi kabla hajaletwa kwenye kompyuta. Ni Mmeru wa huko juu mlimani, amenizidi miaka kumi na mitano, na ni mkali. Nilimwita dada, yeye aliniita mdogo wangu, hata siku tulizogombana.

Alitoka wodini na desturi moja. Kule, dawa ya hatari haichomwi na mtu mmoja. Mmoja anasoma kwa sauti jina la mgonjwa, dawa na kipimo chake, mwenzake anaangalia chupa na kusikiliza, mpaka aseme "haya". Dada akaileta desturi hiyo kwenye seva. Amri yoyote ambayo huwezi kuirudisha nyuma, mmoja anaiandika na kuisoma neno kwa neno, mwingine anasikiliza, na bila "haya" ya mwenzako hubonyezi kitu. Mwanzoni nilimwona anajichosha bure, nikawa nasoma kwa sauti ya kubeza kama mtoto aliyelazimishwa kusali. Hakujali. Alisikiliza vilevile, macho kwenye skrini, na mara kadhaa alinikamata nikiwa karibu kufanya balaa.

Alipostaafu tulimfanyia sherehe ndogo kwenye ukumbi wa chakula, akapewa vitenge na keki. Nilisema mbele ya watu kwamba nitapanda kwao mlimani kumsalimia kila mwezi. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili nao, na mwaka ukakaribia kuisha sijapanda wala sijapiga simu. Sikumsahau. Kila nilipotaka kupiga niliona aibu ya kuchelewa, na nikichelewa tena aibu inazidi. Mtu mzima na akili zangu.

Nyumbani nako kulikuwa kimya. Mke wangu alihamishiwa kazi Mbeya, watoto wakaenda naye, mimi nikabaki na chumba na sebule mtaa wa Daraja Mbili, naongea na redio. Kazini naongea na seva. Niliendelea kusoma amri kwa sauti kwa sababu mdomo ulishazoea, na kwa kuwa hakuna wa kuniitikia, nikawa najiitikia mwenyewe. "Haya." Mama wa usafi alinisikia siku moja. Tangu hapo ananipa pole kila asubuhi, hasemi ni ya nini.

Sasa nieleze kilichotokea. Seva ya hospitali ni mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya kompyuta kubwa tunayoiita mwenyeji. Kabla ya kubadilisha kitu chochote kikubwa unaipiga mashine picha, ili ukiharibu urudi pale ulipokuwa. Ila ukishapiga picha, diski ya zamani haiandikwi tena. Kila kipya kinaandikwa kwenye faili jingine lililolala juu yake, na faili hilo linanenepa siku hadi siku. Kazi ikiisha inabidi uliunganishe na la chini. Unaweza kufanya hivyo mashine ikiwa inatembea, wauguzi wakiendelea kuandika, wasijue lolote.

Mimi nilipiga picha miezi minane nyuma, nikaiacha. Diski ya mwenyeji ikajaa taratibu mpaka nakala za kila usiku zikashindwa kuandikwa. Nilipokuja kugundua zilikuwa hazijaandikwa kwa wiki tatu nzima. Kwa hiyo wiki tatu za wagonjwa zilikuwa mahali pamoja tu duniani, kwenye lile faili la juu: vipimo vya damu, dozi za wodi ya watoto, akina mama waliojifungua na makundi yao ya damu. Likipotea hilo, hakuna pengine pa kuzitoa.

Jumanne asubuhi nilianza na zahanati yetu ya Ngaramtoni, ambayo ina seva yake na mwenyeji wa aina tofauti. Niliifikia kutoka mezani kwangu. Kule kazi ni nyepesi, unachagua picha, unasema futa, naye mwenyeji anaunganisha kila kitu mwenyewe. Ikifika asilimia mia, imekwisha. Nilifanya, nikanywa chai, nikaingia kwenye seva ya hospitali yetu, hapa mjini, nikiwa na raha zangu.

Mwenyeji wa mjini si mwepesi hivyo. Anaunganisha mpaka asilimia mia, halafu anakaa anakusubiri. Unatakiwa umwambie neno moja, kwamba mashine sasa ihamie kwenye faili la chini. Ukimwambia neno jingine, kwamba aache kazi, anaacha, alichounganisha huwezi kukitegemea, na mashine inabaki kwenye faili la juu kama zamani. Mimi nilikuwa bado na akili ya Ngaramtoni. Nikaona mia, nikasema imekwisha, nikaandika aache. Nikaisoma kwa sauti, vizuri kabisa, neno kwa neno. Nikajijibu, "Haya." Kisha nikaandika amri ya kulifuta faili la juu, nikaisoma hiyo nayo, nikajijibu tena.

Nikaangalia nafasi ya diski. Haikuongezeka hata kidogo.

Nilijua palepale. Faili limefutwa lakini nafasi haijarudi, maana yake kuna anayelishikilia, na anayelishikilia ni mashine yenyewe iliyo hai. Inaendelea kuandika kwenye faili lisilo na jina tena. Ikizimika, hata kwa sekunde moja, faili linaondoka na wiki tatu zinaondoka nalo. Betri za dharura zilikuwa zimechoka, na umeme wa mji wetu tunaujua. Nikaondoa mikono kwenye kibodi, nikaikalia.

Sikuwa na wa kumpigia isipokuwa mmoja.

Simu iliita sana ndipo akapokea.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ni wewe kweli?"

"Ni mimi dada. Samahani, nina tatizo na seva..."

"Hujambo kwanza?"

"Sijambo dada. Nimefuta faili..."

"Mama watoto hajambo? Bado yuko Mbeya?"

"Hajambo. Dada, tafadhali."

"Mwaka mzima hunipigii, halafu unaanza na faili. Mimi ni mzima, ahsante kwa kuuliza. Miguu tu inauma. Haya, ngoja nitoke kwenye migomba nipande juu kidogo, huku mtandao unakatika."

Nikasikiliza anavyopanda, majani makavu yakivunjika, pumzi zake. Nilitaka kumhimiza nikashindwa. Alipofika alikofika akaniambia niseme yote, nikasema yote, hata lile la kujiitikia mwenyewe. Hakunicheka. Afadhali angecheka.

"Mashine imezima?"

"Haijazima."

"Basi faili lipo. Usiiguse, usiiwashe upya. Iambie yenyewe ijinakili kwenye diski nyingine ikiwa inatembea hivyohivyo. Ikimaliza ndipo uihamishe huko. Diski unayo?"

Nilikuwa nayo, mpya, ya zile nakala za usiku, bado iko kwenye boksi lake. Nikaichomeka. Nikaandika amri, nikaisoma. Akanisimamisha kwenye neno la nne nikasahihisha, nikaisoma tangu mwanzo.

"Haya," akasema.

Neno moja tu hilo. Nilikuwa nalisikia kila siku kwa sauti yangu mwenyewe, lakini lilipotoka kwa mtu mwingine nilikaribia kulia, pale kwenye stoo ya mashuka, saa nne na nusu asubuhi.

"Itachukua muda gani?" akauliza.

"Zaidi ya saa tatu."

"Ikifika mwisho nipigie. Usihamishe mwenyewe."

Saa hizo tatu sikutoka hata kwenda chooni. Asilimia ilikuwa inapanda kwa kujivuta. Nje ya mlango watu walipita na machela, mtu akacheka, mtoto akalia sindano. Kila mmoja wao alikuwa ametundikwa kwenye kamba niliyokuwa nimeishika peke yangu, na sikuweza kumwambia hata mmoja. Ungemwambia nini? Kwamba kila kitu kinafanya kazi, na ndiyo maana ninatetemeka?

Ilipofika sitini fundi umeme akaingiza kichwa. Alitaka azime upande wetu dakika kumi tu, abadilishe soketi ya duka la dawa.

"Hapana."

"Dakika kumi, mkuu."

"Nimesema hapana! Ukigusa swichi hiyo leo tutagombana mimi na wewe."

Akanitazama, akaondoka akinung'unika kwamba huyu na mashine zake kuna siku atarukwa na akili aokote makopo. Tulikuwa tunaelewana vizuri, mimi na yule fundi. Sikumwita nimweleze, niliogopa kuondoa macho kwenye skrini.

Asilimia mia ilifika saa nane kasoro. Nikapiga, simu ikapokelewa kabla sijasikia mlio.

"Soma," akasema dada.

Nikasoma.

"Rudia neno la mwisho."

"Ihamie."

"Una hakika ndilo ulilolisoma, siyo ulilolitaka?"

Nikaliangalia herufi kwa herufi, kama alivyonifundisha. "Ndilo."

"Haya."

Nikabonyeza. Mashine ikahama. Nikaangalia inaandika wapi, ilikuwa kwenye diski mpya, kwenye faili lenye jina, salama salimini. Nikafungua rejesta, mgonjwa wa mwisho alikuwa ameandikishwa dakika moja iliyopita, mtoto wa miaka miwili mwenye homa. Mwandikishaji hakuwa na habari. Nikaanzisha nakala hapohapo kabla ya kupumua.

"Imepona dada. Umeniokoa. Ahsante sana, sana. Sasa nisikupotezee muda."

Nikasogeza kidole kukata simu.

"Muda gani?" akasema. "Usikate kwanza. Tangu nistaafu simu hii inalia kwa misiba na michango. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza kitu ninachokijua."

Nikasikia upepo kwenye simu, mwingi, wa mahali pa wazi, siyo wa nyumbani.

"Uko wapi dada?"

"Nipo palepale nilipopandia, kwenye jiwe. Niliogopa nikishuka mtandao utakata na wewe utahamisha mwenyewe."

Kwa saa tatu na nusu, na miguu yake ile, kwenye baridi ya mlimani. Niliona aibu kuliko ya mwaka mzima. Nikamuuliza kama amekula.