Mama Mkwe Ukingoni mwa Ufa

Mama mkwe wangu huongoza wapanda miamba. Kabla ya kupanda huchora mistari miwili mchangani, upana sawa na ufa wa mwamba unaorukwa kule juu, na kila mgeni huiruka mpaka achoke. Vidole vya mama vimekakamaa, na sauti haipandishi hata upepo ukivuma. Jana mwanajeshi mmoja, kipande cha mtu, alifika ukingoni akarudi nyuma hatua mbili. Wenzake, waliokwisha kuvuka, wakamcheka. Mama akaruka kurudi, akasimama kando yake.

“Hata mimi mara ya kwanza nilirudi nyumbani. Tushuke, baba?”

Jamaa akavuta pumzi, akaruka. Wenzake wakamshika mikono. Mama alipomfuata, nilimgusa bega mgeni aliyekuwa karibu nami.

“Yule ndiye aliyemzaa mke wangu,” nikamwambia.